BAINA YA KHOFU NA TARAJA: HAKI YA MZAZI ALIYE MAHUTUTI

Katika mambo yaliyozuka zama zetu, ambayo wazee wetu hawakukutana nayo, ni hili la mzazi aliyekwisha kuwa mtu mzima sana kupasuliwa hospitali, kisha akatoka chumba cha upasuaji angali hai lakini haamki. Hupelekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akatiwa mpira kooni, mashine ikawa ndiyo impumuliayo, na watoto wake wakaambiwa wangoje. Hungoja siku tatu, hungoja kumi. Leo huambiwa presha imetulia. Kesho huambiwa figo zimelegea. Mzazi huyo si mzima wa kuketi naye barazani, wala si maiti wa kusaliwa. Na watoto hujikuta katika hali ambayo hapana adabu waliyofunzwa juu yake: hawajui washukuru au wajiandae kwa matanga.

Suali tunalotaka kulitazama ni hili: Ni ipi haki ya mzazi juu ya mtoto wake katika siku hizo, ambazo hapana ajuaye kama atainuka au hatainuka? Si suali la madaktari peke yao, kwani daktari hujua dawa, lakini haki ya mzazi haimo katika vitabu vyake. Wala si suali la kujibiwa kwa machozi, kwani machozi hayapambanui lililo wajibu na lisilo wajibu.

Kabla ya kuhukumu jambo hapana budi kulijua. Chumba hiki kina tarikhi yake. Mwaka 1952, katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, ulienea ugonjwa wa polio uliopooza misuli ya kupumulia, watu wakawa wafa kwa kukosa pumzi. Daktari mmoja wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alishauri mgonjwa atobolewe koo, atiwe mpira, na hewa isukumwe kwa kuminya mfuko kwa mkono. Mashine hazikutosha, wakaitwa wanafunzi wa udaktari, jumla yao kama 1,500, wakakaa kwa zamu usiku na mchana, miezi kwa miezi, wakiminya mifuko hiyo. Watu wengi waliokuwa wa kufa waliokoka. Desemba 1953 Ibsen akafungua chumba makhsusi kwa wagonjwa wa namna hiyo, na hicho ndicho kihesabiwacho kuwa asili ya vyumba vya mahututi vya leo.

Twayataja haya kwa sababu moja. Wale wanafunzi hawakuwa wakiitibu polio. Walikuwa wakishika mahali pa misuli iliyolemaa mpaka mwili wenyewe urejewe na nguvu. Mashine ya leo, ijapokuwa ni ya umeme na ina taa nyingi, kazi yake ni ile ile: haiponyi, hushikilia. Ni daraja la kumvusha mtu, na faida ya daraja ni kuwa na ng'ambo ya kufikia.

Sasa na tutazame kwa nini ng'ambo ya mzee haionekani wazi. Mwili wa kijana una akiba. Mwili wa mtu wa miaka 80 akiba yake imekwisha kutumika, ijapokuwa jana alikwenda msikitini kwa miguu yake. Tuchukue mfano wa mzee ambaye utumbo wake uliziba, sehemu ikaoza, ikakatwa. Upasuaji waweza kufaulu kabisa, mshono ukashika, na mgonjwa asiinuke, kwa kuwa uchafu wa tumboni ulikwisha kutia sumu katika damu, presha ikashuka, figo zikakosa damu, na mapafu yakajaa maji. Tena misuli ya mtu alalaye bila kujitikisa hupungua kwa siku chache tu, na miongoni mwayo ni misuli ya kupumulia. Kwa hivyo hata maradhi yenyewe yakiondoka, kumtoa mzee katika mashine huwa ni kazi nyingine. Na wengi huweweseka: huwaita watu waliokufa zamani, hung'oa mipira, humwona mwanawe asimtambue. Huko si wazimu wala si jini. Ni ubongo uliolemewa na homa, dawa na kukosa usingizi; mara nyingi hali hiyo huondoka, na kwa wengine huacha alama katika kumbukumbu.

Daktari asemaye siku ya pili kuwa hajui, basi si mjinga wala hakuficha neno. Jawabu haijapatikana, kwani yatoka katika mwili wenyewe, siku baada ya siku: je, mkojo umerudi? Je, dawa ya kupandisha presha imepunguzwa? Je, akipunguziwa dawa ya usingizi hufumbua macho na kufuata neno aambiwalo?

Nafsi ya binadamu haipendi kukaa katika hali kama hii, hukimbilia yakini. Na hapa watu wetu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kuwa mzee atapona tu, na amwambiaye vingine humwona amekata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Kundi la pili husema sikio la kufa halisikii dawa, umri wake umetosha, kwa nini kumtesa? La kwanza hujiona lina imani, na la pili hujiona lina akili. Lakini yote mawili yamefanya jambo moja: yamedai kulijua la ghaibu. Kwani methali ni kweli kuwa sikio la kufa halisikii dawa, lakini ni nani aliyekuonyesha kuwa sikio hili ndilo la kufa? Na yule aliyeapa kuwa mzazi wake atainuka, ameahidiwa na nani? Kumtaraji Mwenyezi Mungu ni ibada; kumwekea Mwenyezi Mungu sharti si taraja.

Ndugu msomaji, sharia yetu haikutuacha bure mbele ya jambo tusilolijua. Mambo mengi ya fiqhi hayakujengwa juu ya yakini, yamejengwa juu ya dhana yenye nguvu. Mfano ulio karibu nasi, sisi tuliosoma madhehebu ya Imamu Shafi, ni wa msafiri aliyeingiliwa na giza asijue kibla kiko wapi. Haachi sala mpaka kuche na wakati umpite, wala haapi kuwa kibla ni pale. Hujitahidi, hutazama alama, akaelekea upande uliomtilia nguvu. Na akiwa ndani ya sala yake ikamdhihirikia alama nyingine yenye nguvu zaidi, hugeuka. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho pwani yetu tangu zamani, ametaja kuwa lau atasali rakaa nne kwa pande nne, kila mara kwa ijtihadi yake, hana haja ya kuilipa sala hiyo. Sala ni moja, nia ni moja, na pande ni nne, wala hakuambiwa kuwa amekosea.

Hii, kwa maoni yetu, ndiyo adabu ya mlango wa chumba cha mahututi. Hatukukalifishwa kuujua mwisho. Tumekalifishwa kuipa siku ya leo haki yake kwa alama zilizopo leo, na kuwa tayari kugeuka kesho alama zikigeuka. Mtoto aliyekubali mashine Jumatatu na akakubali kutoongezwa nyingine Jumatatu ya pili, hakujipinga wala hakumhini mzazi wake. Na aliyekuwa amekata tamaa, kisha akaona mzee amekaza mkono alipoambiwa akaze, naye yampasa ageuke.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu. Zipo za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na chakula kwa mwenye njaa. Kuziacha hizo hali yakhofiwa mauti si tawakkul, ni haramu. Zipo za dhana, kama dawa zijulikanazo na matabibu. Kuzitumia hakupingi tawakkul, wala kuziacha si haramu. Na zipo za kuwaziwa tu, zisizo na msingi wenye nguvu. Sasa utauliza: mashine ya kupumulia imo katika fungu lipi? Jawabu ni kuwa mashine haina fungu. Mwenye fungu ni mgonjwa. Siku ya kwanza baada ya kupasuliwa, kwa mzee ambaye mapafu yake yatarajiwa kupumzika na kurudi, iko karibu na yakini. Mashine hiyo hiyo, juu ya mwili huo huo, baada ya wiki tatu, figo zimekufa, ini limefuata, na madaktari zaidi ya mmoja wameafikiana kuwa hapana njia, huwa imeteremka mpaka fungu la mwisho. Chuma hakikubadilika; hali ndiyo iliyobadilika, na hukumu hufuata hali.

Wanavyuoni wa zama hizi nao wamelitazama jambo hili. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, ilipokutana Amman Oktoba 1986, iliamua kuwa mtu ambaye ubongo wake umesimama kabisa kwa hali isiyorejea, kwa ushahidi wa madaktari mabingwa, yajuzu kuondolewa mashine. Hilo ni suala la aliyekwisha kufa kwa ubongo, wala lisichanganywe na la mzee aliye hai na dhaifu. Ilipokutana Jeddah Mei 1992, ilibainisha kuwa matibabu yenyewe huwa na hukumu mbalimbali: huwa wajibu, huwa sunna, huwa mubaha, na huweza kuwa makuruhu, kwa kadiri ya faida na madhara yake, na kwamba idhini ya mgonjwa mwenye akili yake ni sharti, na asiye na akili ni walii wake. Basi anayesema kila mashine ni wajibu mpaka pumzi ya mwisho, hana dalili. Na anayesema uzee peke yake ni sababu ya kuacha kutibu, naye hana dalili. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, akaeleza kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Maana yake uzee hautibiki, si kuwa mzee hatibiwi.

Twaja sasa kwenye jambo ambalo watu wetu hulisahau. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Ni maneno mema pahala pake: mpikie, umpelekee, usimchoshe kwa maswali. Lakini methali hii imevushwa mpaka, ikatumiwa kwa kisu na mpira na mashine, hata ikawa mtu wa miaka 80, mwenye akili timamu, aliyelea watoto saba na kuendesha biashara, husikia khabari ya kupasuliwa kwake baada ya wanawe kwisha kutia saini.

Na tutazame lililopokewa katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipokuwa mgonjwa, watu wa nyumba yake walimtia dawa kinywani, naye akiwaashiria wasifanye. Wakasema ni kawaida ya mgonjwa kuichukia dawa. Alipopata nafuu aliwalaumu kwa kuwa aliwakataza, akaamrisha kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile naye akitazama, isipokuwa ami yake Abbas ambaye hakuwapo. Hawakuwa maadui hao. Walikuwa ndio wampendao kuliko watu wote. Lakini mapenzi hayakuwapa ruhusa ya kutoiona ishara ya mkono. Na mgonjwa aliyetiwa mpira kooni hana ulimi illa mkono wake na macho yake.

Mfano wa pili ni wa bibi aliyekuwa na kifafa, aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka aombewe. Alikhiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone, naye akachagua kusubiri. Ila akataka aombewe asifunukwe mwili wake aangukapo. Twajifunza mambo mawili. Kwanza, khiyari ilikuwa yake yeye, si ya jamaa zake. Pili, yako mambo ambayo kwa mgonjwa ni makubwa kuliko kupona, nayo ni sitara. Mtoto aliyetaka babake afunikwe shuka vizuri, na mamake aoshwe na muuguzi wa kike inapowezekana, amemfanyia jambo ambalo hapana dawa iwezayo kulifanya.

Kwa hivyo wakati wa kuuliza ni kabla ya kisu. Aulizwe mzee, kwa heshima na kwa wakati wa utulivu: "Baba, madaktari wasema huenda usiamke upesi. Lipi utakalo, na lipi usilolitaka?" Wengi huona haya kusema hivi, wakidhani ni kumtabiria mabaya. Lakini wasia ni sunna ya mtu mzima kabla ya mgonjwa, na neno moja alilolisema mzazi usiku wa kuamkia upasuaji laweza kuwaondolea watoto wake ugomvi wa miaka.

Huenda mtu akatupinga akasema: Qur'ani katika Surat Bani Israili imekataza hata neno dogo la kuchukizwa mbele ya wazazi waliofikilia uzee, vipi basi mtoto akubali mashine isiongezwe? Si kuwafukuza wazazi duniani huko? Pingamizi hii ni nzito, na yastahiki jawabu. Kuwatendea wema wazazi ni kuwatendea lililo kheri kwao, si lililo rahisi kwetu kulieleza mbele ya watu. Na hapa kila mtoto yampasa aikague nia yake. Yuko adaiye kila kitu kifanywe kwa sababu miaka kumi hakufika nyumbani, sasa ataka alipe deni lake kwa mwili wa mzee. Yuko akhofiaye maneno ya mtaani. Na yuko, Mwenyezi Mungu atuepushe, aliyechoka na gharama, au aliyekwisha hesabu nyumba na minazi, akalipa jina la huruma lisilokuwa huruma. Nia hizi zote hujificha nyuma ya neno "mapenzi". Mizani ni moja: lau mzazi angeamka sasa akatuuliza tulifanya nini na kwa nini, tungeweza kumjibu tukimtazama usoni?

Wala mali si jambo la kuonea haya kulitaja. Kuuza shamba kwa dawa yenye taraja ni jambo la sifa. Kukopa pasi na matumaini ya kulipa, kwa ajili ya siku mbili ambazo madaktari wote wamesema hazibadili kitu, kisha deni likaachiwa mayatima, si wajibu katika sharia yetu. Tena vitanda hivi si vingi. Mwaka 2020, korona ilipoingia, ilidhihirika kuwa nchi nzima ya Kenya ilikuwa na vitanda vya mahututi 500 na ushei tu. Na ijapokuwa vimeongezwa tangu hapo, bado nyuma ya kila kitanda pana mtu mwingine angojaye. Hatusemi mzazi wako atolewe kwa ajili ya mwingine. Twasema kumng'ang'aniza mahali ambapo hapamfai tena si wema ulio juu ya haki za watu wote.

Basi yapi ya kufanya leo, hali hatujui ya kesho? Mosi, watoto wamchague mmoja wao azungumze na madaktari, aandike alichoambiwa, awaeleze wenzake kama alivyosikia bila kuongeza wala kupunguza. Pili, waafikiane na daktari muda maalumu, siku tano au saba, kisha watazame alama gani zimekuja na zipi hazikuja. Hilo ni bora kuliko kuulizana kila saa. Tatu, wasitiane tuhuma za uchawi, wala wasimtie mgonjwa maji ya kombe kinywani. Mtu mwenye mpira kooni hamezi, na yatakayoingia mapafuni yatamwua. Dua yatosha, nayo haihitaji kikombe. Nne, wasiingie watu kumi kwa mara moja. Wawili, mikono imeoshwa. Wamwite kwa jina alipendalo, wamwambie ni siku gani na saa ngapi, wamvalishe miwani yake na kidude chake cha kusikilia ikiwa anacho, kwani hayo humsaidia aliyeweweseka kurudi. Hata akionekana amelala wasiseme mbele yake wasiyotaka asikie. Na akiamka na akili yake, asaidiwe kutayamamu na kusali kwa ishara.

Akijaaliwa kutoka, watu wajue kuwa hapo ndipo kazi ianzapo. Wengi hurudi nyumbani hawawezi kubeba kikombe, wala hawasimami bila kushikwa, na nguvu huchukua miezi kurudi, na nyingine hazirudi. Watoto waliokesha hospitali usiku kumi huonekana kila mmoja amerudi kwake, akaachiwa binti mmoja mzigo wote. Aya ya Bani Israili imetaja uzee wa wazazi ukiwa kwako wewe mtoto, si kwa jirani wala kwa muuguzi wa kulipwa. Aliyesimama mlangoni pa mahututi akataka kila mashine, kisha akakosekana siku ya kumwogesha mzee, na ajiulize alikuwa akimtakia nani uhai huo.

Na akifa, basi mlango wa "laiti" na ufungwe. Tumekatazwa kusema lau ningalifanya kadhaa ingalikuwa kadhaa, kwa kuwa maneno hayo humfungulia Shetani kazi. Msafiri aliyesali gizani kwa ijtihadi yake haambiwi asubuhi, jua lilipochomoza, kuwa alitenda dhambi. Alitakiwa ajitahidi, naye alijitahidi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape afya wazazi wetu walio vitandani, awarehemu waliotangulia, na atupe sisi akili ya kupambanua na moyo wa kusubiri. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.